Chini ya Majina ya Wakurugenzi

Kwa yeyote atakayeshika kurasa hizi: nakuomba usimsomee mtu hata neno moja. Usimwambie mke, usimwambie mume, usimwambie rafiki mkiwa mnakunywa kahawa. Mji wetu ni mdogo na kliniki ni moja. Jina langu likitajwa litavuta na la shangazi Stanka, ambaye hajanikosea kitu isipokuwa kunitafutia kazi. Naandika kwa mkono kwa sababu kompyuta ya ofisini inafunguliwa na wengi. Ukimaliza kusoma, fanya ninavyoomba mwishoni. Usipotaka, zichome moto.

2 Septemba

Mkurugenzi mpya ameanza kazi. Uchaguzi ulimwondoa meya, meya mpya akamwondoa Daktari Mitsev, na leo tumeletewa Daktari Balabanov. Watu wazima wanamkumbuka: zamani alikuwa akisoma picha za mapafu hapahapa kliniki, kabla ya kuhamia makao makuu ya mkoa. Ni mpole. Alimpa mkono kila mtu, hata mfagiaji. Shangazi Stanka alileta banitsa, pai ya matabaka, iliyotoka kwenye jiko, jibini bado likitiririka, naye akala vipande viwili akiwa amesimama. "Tuanze na meza safi," alisema.

Nilifurahi. Nina shahada ya historia ambayo hakuna anayeihitaji hapa milimani, na huyu ni bosi wa kwanza kuniita kwa jina.

3 Septemba

Meza safi maana yake ni hii. Hapa kwetu, mkurugenzi mpya hafuti kazi ya aliyemtangulia, wala haifungui. Huagiza kila kilichomo kwenye kompyuta kubwa kiingizwe ndani ya folda moja, yenye jina kamili la aliyeondoka, cheo chake na miaka aliyoongoza, halafu yeye anaanza na skrini tupu. Ndani ya folda ya Mitsev imo ya Daktari Karastoyanova, na ndani ya Karastoyanova wamo wengine, kila mmoja amemmeza mwenzake, mpaka yule aliyenunua mashine ya kwanza ya kuskani.

Shangazi Stanka hufanya kazi hii kwa kipanya. Hushika faili moja, huliburuta kama anavuta gunia, njiani linamponyoka na kuangukia folda isiyo yake. Sikuweza kuvumilia. Niliketi mimi: Ctrl na A kuchagua vyote, Ctrl na X kukata, nikaingia folda mpya, Ctrl na V kubandika. Kwa kuwa ilikuwa diski ileile, kompyuta haikubeba kitu, ilibadilisha anwani tu. Ilikwisha kabla kahawa haijapoa.

"Umemaliza?" shangazi Stanka aliuliza. "Yote?"

"Yote, shangazi."

"Usimwambie mpaka Ijumaa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu leo hii atakutafutia nyingine, mwanangu."

Nilimwambia mkurugenzi papo hapo. Alinisifu mbele ya wauguzi.

11 Septemba

Mji mzima unanuka pilipili za kuchoma. Vidole vya shangazi Stanka vimekuwa vyeusi kwa maganda, na kibodi yake pia.

17 Septemba

Hakuna jipya. Mvua.

24 Septemba

Nilimsikia mzee Manol kabla sijamwona. Anapumua kama mtu anayekata mbao. Alisimama mlangoni akiwa ameshika fremu.

"Ngazi zenu zimeongezeka," alisema. "Zamani zilikuwa chache."

"Kaa, mzee Manol."

"Nikikaa sitainuka. Nisikilize nikiwa wima."

Alitoboa miamba katika mgodi wa madini ya risasi tangu ujana mpaka ulipofungwa. Mwezi wa Novemba anakwenda mbele ya tume ya magonjwa ya kazini, kule mkoani. Wakikubali kwamba mapafu yake yaliharibiwa na vumbi la mgodi, atapewa mashine ya hewa ya kukaa nayo nyumbani. Wakikataa, atabaki kulala akiwa ameketi kwenye kiti, kama anavyolala sasa. Tume imeshamdokeza kwamba wao wanaona ni sigara.

"Tumbaku nimeitunga kwenye nyuzi tangu sijafika mezani kwa urefu," alisema. "Nimeianika, nimeifunga, nimeiuza. Kuivuta, sijawahi. Nani anakula duka lake?"

Anachohitaji ni picha yake ya mwaka 2009. Mwaka huo mgodi uliwaleta wachimbaji wote hapa kupigwa picha za kifua, na filamu zao zikaskaniwa. Kama vumbi lilionekana tangu wakati ule, akiwa bado yuko kazini, tume haina pa kutorokea.

Niliandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia. Likatokea. Nilibofya mara mbili. Kompyuta ikasema faili halipatikani.

"Si hilo hapo jina langu?" aliuliza. "Naliona kwa macho yangu."

"Lipo, mzee, lakini halifunguki."

"Kama kanisa letu siku za kazi," alisema, akaanza kuteremka ngazi moja moja.

2 Oktoba

Nilimweleza mkurugenzi habari za picha ya mzee Manol. Hakuuliza Manol ni nani.

"Kisichofunguka hakipo, binti," alisema kwa upole. "Andika kwamba haipo, nitatia sahihi."

Niliandika. Nilijiambia kwamba yeye ni daktari na mimi ni karani.

8 Oktoba

Sikulala vizuri wiki nzima. Leo mkurugenzi alikuwa mkoani, nikashuka.

Nasema nilishuka kwa sababu ndivyo ilivyo. Nilifungua Mitsev, ndani yake Karastoyanova, na kuendelea chini, jina baada ya jina, kila moja na cheo chake na miaka yake, mpaka nikafika kwenye folda iitwayo Mgodi 2009. Faili la mzee Manol lilikuwa pale, zima. Halifunguki kwa sababu ya anwani yake. Anwani ya faili ni majina yote ya folda zilizo juu yake yakiunganishwa, na kompyuta zetu hazikubali anwani iliyopita urefu fulani. Asubuhi ile ya Septemba, nilipoongeza folda ya Mitsev juu yake kwa haraka yangu, nilizisukuma picha za mgodi nje ya urefu huo. Hakuna aliyefuta chochote. Zimezikwa kwa heshima, chini ya majina ya wakubwa.

Tiba yake ni rahisi mno. Nilirudi juu nikafupisha: Mitsev akawa M, Karastoyanova akawa K, na kila mmoja akabaki herufi. Kisha nikabofya.

Mapafu ya mzee Manol yalijaa skrini. Sijasomea udaktari, lakini chembe nyeupe zilikuwa zimetapakaa pande zote mbili kama semolina iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. Chini yake palikuwa na maelezo yaliyoskaniwa pamoja na filamu: *Mapafu safi. Anafaa kwa kazi ya chini ya ardhi.* Na sahihi ambayo naiona kila siku. Balabanov.

Nilifungua ya mchimbaji mwingine. Chembe, na mapafu safi. Nikafungua nyingine. Majina mengine nilikuwa nimeyasoma tayari, kwenye matangazo ya msiba yaliyobandikwa kwenye mlango wa kliniki, mvua ikiyalowesha.

Nilifunga kila kitu.

9 Oktoba

Nilisahau kurudisha majina. Aliniita saa mbili asubuhi.

"Nani amewafupisha watangulizi wangu?"

"Mimi, Bwana Daktari. Nilitaka mafaili ya zamani yafunguke."

"Daktari Karastoyanova sasa ni K? Mwanamke aliyetuletea gari la wagonjwa?"

"Samahani."

"Na uliyafungua?"

Nilisema hapana. Hakupandisha sauti, na heri angepandisha.

"Warudishie watu majina yao," alisema. "Heshima haigharimu kitu."

Nilirudi mezani nikayaandika yote upya, kwa ukamilifu, pamoja na vyeo. Kila jina nililolikamilisha lilikuwa udongo mwingine juu ya mzee Manol, na nilikuwa nautupa mimi.

15 Oktoba

Shangazi Stanka ameniletea mtungi wa lyutenitsa, rojo la pilipili za kuchoma. Amesema nimekonda.

22 Oktoba

Imenunuliwa diski mpya. Mkurugenzi alinieleza kazi mbele ya wote, kwa sababu mimi ndiye mwepesi.

"Utanakili kumbukumbu zote kwenda diski mpya. Kuna mafaili yatakayogoma. Kompyuta itakuuliza ufanye nini. Bonyeza Ruka, na utie alama pale panaposema fanya hivyo kwa yote. Mwisho wa Novemba fundi atakuja kuifuta ya zamani."

Alisema kana kwamba anaagiza karatasi. Nikaelewa alivyopanga. Yatakayogoma ni yale yenye anwani ndefu, na yenye anwani ndefu ni ya mgodi. Yeye hatagusa kitu. Fundi atafuta diski ambayo imeshanakiliwa. Na katikati yao ni kidole changu kwenye Ruka.

Nilimfuata shangazi Stanka kwenye varanda anapovutia sigara. Nilimweleza nusu tu.

"Unadhani kwa nini naburuta faili moja moja miaka yote hii?" aliniuliza.

"Nilidhani hujui vitufe."

"Nilijua utadhani hivyo." Akakung'uta majivu. "Mtu mzito hapewi kazi ya namna hiyo. Wanachoka kumngoja."

"Sasa nifanye nini, shangazi?"

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa, Zlatina. Nilimwambia Mitsev, huyu msichana namjua tangu yuko kwenye nepi. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Hilo ndilo jibu langu, usiniulize lingine."

Nilikuwa nikimcheka moyoni tangu nianze kazi. Leo sijui kama nimwonee huruma au nimchukie. Amejifanya mjinga kwa ustadi mkubwa, na ujinga wake umemlinda yeye peke yake.

30 Oktoba

Ukungu. Naivuta kazi. Nimejifunza kuburuta kwa kipanya.

11 Novemba

Mkurugenzi alikwenda kwa meya kunywa divai mpya. Nilishuka tena. Nikafupisha majina, nikachomeka flashi yangu, nikasimama mbele ya faili la mzee Manol na vidole juu ya vitufe.

Nilitaka kukata, X, kulitoa kabisa. Lakini nikifanya hivyo pangebaki nafasi tupu katika orodha, na yeye anayajua majina yale. Kwa hiyo nikabonyeza C, nikanakili. La zamani likabaki mahali pake kama halijaguswa. Nikarudisha majina yote, herufi kwa herufi.

Flashi nilimpa mzee Manol nyuma ya duka la mikate. Aliiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

"Ndogo hivi?" aliuliza. "Mbona mimi naibeba kwa shida?"

20 Novemba

Naandika kama nilivyosimuliwa na mzee Manol mwenyewe, jikoni kwake. Anakaa peke yake. Binti yake yuko Hispania anachuma stroberi. Kiti anacholalia kipo kando ya jiko la kuni.

Alisafiri kwa basi, akangoja ukumbini, akaitwa. Mbele ya tume alitoa flashi. Picha ikafunguka ukutani, na daktari mmoja mwanamke akainama mbele kuitazama vizuri. Mzee Manol anasema hapo alipumua vizuri kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Kisha wakili wa kampuni ya mgodi akaomba kipanya. Akabofya faili kwa kitufe cha kulia, akafungua sifa zake, akamwomba mwenyekiti asome kwa sauti.

"Limeundwa tarehe kumi na moja Novemba, mwaka huu," mwenyekiti akasoma.

"Picha ya mwaka 2009," wakili akasema, "imezaliwa wiki iliyopita. Na tunayo barua ya kliniki kwamba picha kama hiyo haipo. Tumpe hongera mama yake."

Walicheka. Daktari yule mwanamke alicheka pia, ila kidogo. Wakasema anaweza kukata rufaa ndani ya mwezi mmoja, na kwamba ashukuru hawajamwitia polisi.

"Hiyo tarehe imetoka wapi?" mzee Manol aliniuliza.

Nilijua kabla hajamaliza swali. Nilipofika nyumbani nilijaribu kwa faili lisilo na maana, ili niwe na hakika. Ukilinakili faili, kompyuta hulihesabu limeundwa siku uliyolinakili. Tarehe ya kale ilikuwepo pia, mstari wa chini yake, lakini nani angeiangalia wakati watu wanacheka? Ukilikata na kulibandika, yaani ukilihamisha lenyewe, linaondoka na tarehe yake ya kuzaliwa. Lakini mzee nilikuwa nimemweleza palepale jikoni, kadiri nilivyoweza.

"Kwa hiyo ungeitoa yenyewe wasingekuwa na neno," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na vitufe ni vingine?"

"Vimekaa jirani. X na C."

"Mbona hukuitoa?"

"Niliogopa wangeliona pengo."

Alivuta pumzi kwanza, na ilichukua muda.

"Binti," alisema, "kifua changu kina pengo linaloingia ngumi, na mpaka leo hakuna aliyeliona."

21 Novemba

Sikwenda kazini. Nimesema nina homa.

25 Novemba

Fundi anakuja kesho kutwa. Nimefanya.

Haikuwa kwa kificho. Ilikuwa mchana, mlango uko wazi, wauguzi wakipita na trei za sindano. Nilifupisha majina. Nikashuka mpaka Mgodi 2009, nikachagua vyote, nikabonyeza X, nikabandika kwenye diski ndogo niliyoinunua mwenyewe. Safari hii kompyuta ilibeba kweli, maana ni diski nyingine. Mstari wa kijani ulisogea taratibu huku nikiutazama kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Shangazi Stanka aliinua macho kwenye meza yake. Aliona skrini, akaona diski, akaona mstari. Akachukua koti lake akaenda moja kwa moja ofisi ya mkurugenzi. Sikusimama. Niliendelea kuutazama mstari.

Hakwenda kunisema. Alikwenda kuomba ruhusa ya nusu siku, kwamba jino linamsumbua, ili iandikwe kwamba hakuwepo. Alirudi kuchukua mkoba bila kunitazama.

Nilipomaliza niliwarudishia wakurugenzi majina yao, na vyeo, na miaka. Chini yao, kwenye Mgodi 2009, sasa hakuna kitu.

28 Novemba

Nimefukuzwa.

Fundi alipokuja jana kufuta diski, mkurugenzi alishuka mwenyewe kuhakikisha. Nadhani alitaka kuziona picha za mgodi mara ya mwisho. Akakuta folda tupu. Aliniita, na upole wote ulikuwa umemtoka.

"Umeiba mali ya kliniki."

"Mali ipi, Bwana Daktari?" nilisema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, naona aibu hata kuiandika. "Wewe ulitia sahihi kwamba haipo."

Rangi ilimpanda shingoni. Hawezi kunipeleka polisi bila kutaja ni kitu gani nimechukua, na analijua hilo. Akaniambia nikabidhi funguo, na kwamba katika mkoa huu sitapata hata kazi ya kufagia. Namwamini.

Shangazi Stanka aliagana nami kwa kichwa, kwa mbali, kama jirani wa mtaa wa pili.

3 Desemba

Theluji. Nilimpelekea mzee Manol picha yake, ile yenyewe, tarehe yake ikiwa mahali pake. Nilimwambia rufaa bado iko wazi mpaka siku chache kabla ya Krismasi. Nilimwambia nitapanda naye basi.

"Siendi," alisema.

"Safari hii hawana la kusema, mzee."

"Kusema watapata. Wamesoma." Alivuta blanketi. "Walinicheka mara moja nikiwa na pumzi ya kuvumilia. Ya pili sina. Ungeniambia mapema kwamba unaogopa, ningemwomba mwingine."

Hakulisema kwa hasira. Aliniuliza kama nje kunateleza, akaniambia nitembee pembeni penye changarawe. Diski akanirudishia mkononi.

Nimekaa nayo. Imo picha ya kila mchimbaji aliyepita kliniki mwaka ule, walio hai na waliobandikwa mlangoni, na kila moja imeandikwa mapafu safi.

8 Desemba

Huu ndio ukurasa wa mwisho, na ndio ulionifanya nikuombe siri.

Kama ulichimba, au ni mjane wa mchimbaji, au mtoto wake, picha unayoihitaji ninayo mimi. Usipige simu, na usiniulizie dukani. Panda barabara ya juu inayopita banda la zamani la kukaushia tumbaku, hesabu nyumba za upande wa mto, yangu ni ile isiyo na antena. Njoo Jumapili asubuhi. Gonga dirisha la jikoni, si mlango. Usitaje jina lako. Taja la mchimbaji tu. Njoo na flashi tupu. Nitakata, sitanakili, kwa hiyo ukiondoka nayo mimi sitakuwa nayo tena, na hakutakuwa na nyingine popote. Usimpe mtu akushikie.

Na kama wewe ni binti wa Manol, umetoka Hispania, masharti haya yote hayakuhusu. Njoo siku yoyote, saa yoyote, upige mlango kwa nguvu.